Umaskini Mashambani na Hesabu za Sehemu

Muhula uliopita mlezi wetu alitupa insha: "Jadili jinsi umaskini unavyoathiri elimu katika shule za mashambani." Nami, kama kawaida yetu wanafunzi, nikafungua kwa methali, nikasema elimu ni taa gizani, kisha nikazipanga hoja: ukosefu wa karo, sare, vitabu, chakula. Basi. Nikapata alama 11 kwa 20. Chini Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Hoja ni za kweli, lakini hujaniambia umaskini unafanyaje hiyo kazi yake. Kwani wewe si mtu wa Kinango?" Swali hilo lilinichoma. Makala haya ndiyo masahihisho yangu.

Kwanza tuitazame karo, maana ndiyo tunayoikimbilia sote. Mwaka 1974 serikali ya Mzee Jomo Kenyatta iliondoa karo kuanzia darasa la kwanza hadi la nne. Watoto walifurika, madarasa yakawa hayatoshi, shule zikaanza kudai pesa za ujenzi, na wengi walioingia wakatoka tena. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, sera ya kugawana gharama ikawatwika wazazi mzigo mkubwa zaidi. Januari 2003, Rais Mwai Kibaki alipokuwa ameingia tu madarakani, elimu ya msingi ikawa bila malipo. Hesabu ya watoto katika shule za msingi ikapanda kutoka kama milioni 5.9 hadi kama milioni 7.2. Jiulize, ndugu msomaji, hao zaidi ya milioni moja walikuwa wapi mwaka uliotangulia? Mwaka 2008 serikali ikaanza kulipia masomo katika sekondari za kutwa pia. Kwa hivyo mtu akisema pesa hazikuwa kizuizi, historia inamkataa.

Lakini sisi tuliozaliwa baada ya 2003 hatukufukuzwa darasa la kwanza kwa ajili ya karo. Na bado wenzetu walitoka. Nini kiliwatoa?

Nitawaambia ya nyumbani kwetu. Dada yangu alikuwa darasa moja mbele yangu. Alikuwa hodari, haondoki katika watano wa kwanza. Mtakumbuka kwamba kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, ukame ambao wazee walisema hawajauona kwa miaka 40. Kwale hatukusazwa. Bwawa letu likakauka, likabaki tope la kupasuka. Maji yakawa ya kufuatwa mbali, mtu anatoka alfajiri na mtungi wa lita 20, anarudi jua limepanda utosini. Mama akagawa siku. Jumanne na Alhamisi zikawa za dada. Mimi sikupewa siku hata moja, kwa sababu mimi ni mvulana, na wakati huo sikuona ajabu yoyote.

Sasa tazama hesabu hii. Mwalimu wa hisabati alianza somo la sehemu siku ya Jumanne. Dada yuko majini. Jumatano akawakuta wenzake wanajumlisha nusu na theluthi, yeye hajui kwa nini namba za chini zinabadilishwa. Alhamisi yuko majini tena. Ijumaa jaribio: 3 kwa 10. Wiki iliyofuata ikaja asilimia, na asilimia imesimama juu ya sehemu. Halafu uwiano, nao vilevile. Somo ni kama ukuta, ukikosa tofali la chini huwezi kuweka la juu. Mwalimu hakuwa mbaya. Alikuwa na madarasa mawili kwa wakati mmoja, akiandika ubao huu anakimbilia ule. Angemrudia nani? Kitabu walikuwa wanatumia kimoja watoto watano, na hakikuja kwetu usiku. Hata kingekuja, koroboi yetu ilizimwa mapema ili mafuta yafike Jumamosi.

Mwisho wa muhula dada alikuwa wa 38. Baba aliitazama ripoti, akaikunja, akasema, "Huyu kichwa chake kimefunga." Mimi nilicheka. Naandika haya kwa aibu, lakini nikiyaficha makala haya hayatakuwa na maana: nilimwita Bi Sifuri, na jina likafika shuleni.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya umaskini ambayo sikuiandika kwenye insha yangu ya alama 11. Umaskini haukuja na barua ya kumfukuza dada. Ulimwibia siku mbili mbili, kisha ukamvisha nguo ya ujinga, na sote tukaamini kwamba nguo ile ni ngozi yake. Naye akaamini. Mama mmoja jirani alipokuja kutafuta msichana wa kazi wa kupeleka Mombasa, hakuna aliyemlazimisha dada. Yeye mwenyewe alisema, "Mama, wacha niende. Mdogo wangu ndiye ana akili, asome." Ilikuwa 2022, amebakiza miezi michache afanye mtihani wa darasa la nane. Mtu akiuliza sababu shuleni, angeambiwa hakupenda masomo.

Njaa nayo hufanya hivyo hivyo. Mahindi na maharagwe ya shule yakiwapo, darasa linajaa hadi jioni. Stoo ikiwa tupu, watoto huenda nyumbani saa sita "kula" na wengi hawarudi, kwa kuwa huko nako hakuna. Masomo ya mchana yanawapita. Kisha tunasema fulani ni mzito wa sayansi.

Mimi nilifanya KCPE 2023, ule mtihani wa mwisho kabla haujaondolewa, nikapita. Sare niliyovaa siku ya kwanza sekondari ilinunuliwa na dada. Pesa za chakula cha mchana hutuma yeye kwa simu, kila mwisho wa mwezi, kutoka katika mshahara wa kuosha vyombo vya watu.

Likizo ya Aprili alikuja nyumbani siku nne. Jioni moja nilikuwa nafanya hesabu, akaketi kando yangu akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za zamani, kwa nini zile namba za chini zinabadilishwa. Nikachukua chapati, nikaikata vipande viwili, kisha nikaikata tena vikawa sita. Nikamwonyesha nusu ni vipande vitatu, theluthi ni viwili. Akatazama. Akachukua kalamu mkononi mwangu, akafanya hesabu tano za kitabu, moja baada ya nyingine. Zote sahihi.

"Kumbe ni hivi tu?" akasema.

Sikuweza kumjibu.