Usawazishaji wa Matawi Sambamba katika Kazi ya Pamoja ya Kamusi: Mfano wa Kimwera, Nachingwea na Ruangwa

1.0 Utangulizi
Makala haya yanajadili namna matawi mawili ya kazi moja yanavyoweza kusawazishwa kwa kutumia programu ya kusimamia matoleo. Programu hiyo huwa na hifadhi, yaani mahali panapotunzwa mafaili pamoja na historia ya kila badiliko. Shina ni toleo lililokubaliwa na wote. Tawi ni mfululizo wa mabadiliko unaoanzia katika shina na kuendelea peke yake. Zana hizi zilibuniwa kwa ajili ya waandishi wa programu za kompyuta, lakini wanaleksikografia wanazihitaji vilevile. Hoja kuu ni kwamba maandishi kuungana si sawa na waandishi kukubaliana.

2.0 Mfano
Kimwera huzungumzwa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Ichukuliwe kwamba vikundi viwili, kimoja katika kila wilaya, vinatunga kamusi moja ya Kimwera na Kiswahili, na kwamba kila kidahizo kina mstari wake katika faili. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, inaifaa kazi hiyo kwa kuwa kila kompyuta hubeba historia yote. Kikundi huweza kuhifadhi mabadiliko bila intaneti na kuyatuma mtandao unapopatikana.

3.0 Migongano
Katika kuunganisha, Git hulinganisha matoleo matatu: la kila tawi, na lile la mwisho ambalo matawi yote mawili yalikuwa nalo. Mstari uliobadilishwa upande mmoja tu hupokelewa. Uliobadilishwa pande zote mbili kwa namna tofauti hutangazwa kuwa mgongano. Utaratibu huu una kasoro mbili.

Kwanza, kikundi cha Nachingwea kikiongeza ngeli ya nomino, na cha Ruangwa kikarekebisha fasili ya nomino hiyohiyo, mgongano hutangazwa ingawa vyote viwili viko sahihi. Pili, kikundi cha Nachingwea kikibadili "ng'" kuwa "ŋ" katika mafaili yote yaliyopo, na cha Ruangwa wakati huohuo kikaongeza faili jipya lenye "ng'", muungano hukamilika kimya. Kamusi hubaki na tahajia mbili, na msomaji anayetafuta neno kwa tahajia moja hulikosa lililoandikwa kwa nyingine.

4.0 Usawazishaji
Taratibu tatu zinahitajika. Mosi, kila kikundi kiingize mabadiliko ya shina katika tawi lake mara kwa mara, ili tofauti zibaki chache. Git huweka kumbukumbu ya kila muungano, hivyo unaofuata huanzia pale ulipoishia uliotangulia. Subversion ilipata kumbukumbu ya namna hiyo katika toleo 1.5, mwaka 2008. Awali mtumiaji alilazimika kuiweka mwenyewe. Pili, badiliko linalogusa kamusi nzima litanguliwe na makubaliano pamoja na muungano wa matawi yote. Tatu, kila muungano ufuatwe na ukaguzi wa tahajia.

5.0 Hitimisho
Ukimya wa programu usichukuliwe kuwa ithibati ya usahihi. Git huonyesha mahali maandishi yanapogongana. Tahajia na fasili ifaayo huamuliwa na wanakamusi pamoja na wasemaji wa Kimwera wa wilaya zote mbili.