Namna ya Kuandaa Matangazo ya Dominika Yakamfikia Kila Mwanajumuiya



Katika parokia yetu, hapa chini ya Mlima Meru, mimi ndiye ninayekusanya matangazo ya Dominika. Naipenda kazi hii kwa sababu kila tangazo lina mtu anayelisubiri: mama anayetaka mwanae abatizwe, wachumba wanaoulizia semina ya ndoa, mzee asiyetoka nyumbani anayetegemea jirani amletee habari. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Weka siku ya mwisho. Napokea matangazo hadi Ijumaa mchana. Viongozi wa WAWATA (wanawake), UWAKA (wanaume), VIWAWA (vijana) na Utoto Mtakatifu (watoto) wanalijua hilo, na makatibu wa jumuiya ndogondogo pia. Jumamosi paroko anayapitia, kisha yanachapwa. Kinacholetwa sakristia Misa imeshaanza kinasubiri Dominika ijayo, isipokuwa msiba.

Andika kwa ajili ya mgeni. "WAWATA wanakumbushwa kikao cha Jumamosi" haimsaidii mama aliyehamia Arusha juzi kutoka Babati. Mimi ningeandika: "WAWATA wote, kikao ni Jumamosi tarehe 14, saa 4 asubuhi, ukumbi wa parokia. Kila jumuiya ije na majina ya wagonjwa wa kutembelewa." Na "saa 2" isiachwe peke yake, sema ni asubuhi au usiku.

Ndoa zipewe uzito wake. Wachumba hutangazwa mara tatu ili mwenye kujua kizuizi amwone paroko. Andika majina kamili, jumuiya na parokia ya kila mmoja, na useme kama ni tangazo la kwanza, la pili au la tatu. Hakikisha majina kwa wahusika wenyewe.

Linda heshima ya watu. Kwenye michango, taja lengo, kilichopatikana na kilichobaki. Majina ya ambao hawajatoa yasisomwe kanisani kamwe. Hujui nyumbani kwao kuna nini. Mgonjwa naye atajwe kwa ridhaa ya familia yake.

Kumbuka vigango. Masika barabara za mlimani ni tope, na padre hafiki kila kigango kila Dominika. Katekista ndiye anayeongoza ibada, kwa hiyo apate karatasi Jumamosi jioni, hata kwa picha ya simu. Penye wazee wengi, mwombe arudie mambo makuu kwa Kimeru au Kimaasai.

Fuatilia hadi jumuiya. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976, walizipa jumuiya ndogondogo kipaumbele katika uchungaji. Katika jumuiya ndiko watu wanakofahamiana kwa majina. Tangazo la rozari ya Oktoba, au la safari ya kwenda Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa wa Mtoto Yesu, Arusha, kwa sikukuu ya somo wake, Oktoba 1, lisomwe tena pale, na mwenyekiti aulize: nani hayupo, na nani atampelekea habari?

Karatasi ikishakamilika, isome kwa sauti ukiwa na saa mkononi. Matangazo huja baada ya sala ya baada ya komunyo, na watoto wameshachoka. Yakizidi dakika 5, yale ya chama kimoja yapelekwe kwenye kikao cha chama hicho. Yatakayobaki kanisani yawe yale yanayomhusu kila mtu aliyeketi pale.