Mishipa ya Fahamu, Presha na Kiharusi

Watu wengi wa Junda, huko Kisauni, wakisikia neno «presha» hudhani ni ugonjwa wa hasira na mawazo. Mtu mpole, asiyegombana na jirani, husema, «Mimi sina presha.» Dhana hiyo ina ukweli nusu tu, na yafaa kila msomaji aijue nusu ya pili.

Mwilini mna mishipa ya damu, ambayo ni kama mifereji, na mishipa ya fahamu, ambayo huchukua amri za ubongo. Mtu akishtuliwa na mbwa njiani, amri hupita mara moja: moyo huenda mbio, mishipa midogo ya damu hujibana, na figo huzuia chumvi na maji. Shinikizo la damu hupanda ili apate nguvu za kukimbia. Hatari ikipita, hushuka. Lakini kwa watu wengine amri hiyo haikomi, hata wakiwa usingizini, nao hawasikii lolote.

Mambo haya yamechunguzwa hapa hapa Kenya. Mwaka 1929 Daktari Donnison aliandika kwamba katika wagonjwa kiasi cha 1,800 waliolazwa hospitalini Kavirondo ya Kusini, hakumwona hata mmoja mwenye presha ya juu. Katika miaka ya 1980 Daktari Neil Poulter na wenzake waliwafuata Wajaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi. Haikupita miezi mingi, presha yao ikazidi ile ya wenzao waliobaki nyumbani. Walikuwa wakila chumvi nyingi zaidi, na mioyo yao ilipiga upesi zaidi, dalili kwamba mishipa ya fahamu ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi. Maisha ya mji, na chakula cha chumvi nyingi, yamo Junda vilevile.

Shinikizo lisiloshuka huharibu kuta za mishipa ya damu ya ubongo. Mwisho mmoja huziba au hupasuka, na sehemu ya ubongo ikosayo damu hufa. Hicho ndicho kiharusi. Hutokea zaidi saa za asubuhi, mishipa ya fahamu inapouamsha mwili na presha kupanda.

Basi yatupasa kufanya nini? Tupimwe, hata tukijiona wazima; kipimo kikifika 140 kwa 90 mara kwa mara, ni presha ya juu. Tupunguze chumvi, tutembee kwa miguu, tulale vya kutosha, tuache sigara. Aliyepewa vidonge asiviache kwa sababu moyo wake umetulia, kwani utulivu wa moyo si kipimo.

Na mtu akipinda uso ghafula, akilegea mkono au akiwa mzito wa ulimi, msingoje kupambazuke wala msianze kumtafutia mganga. Mpelekeni hospitali saa ile ile, maana kila dakika ipitayo hupotea sehemu ya ubongo isiyorudi.