Kiti Namba 12 Kisiuzwe Mara Mbili

Chukua programu ya kukatia tiketi za basi. Wateja wawili, kiti kimoja, sekunde ileile. Hali, yaani data inayobadilikabadilika, ikitumiwa na wengi huumbua programu hapohapo. Lugha za kifunksheni zina dawa nzuri. Mifano yangu ni ya Clojure, lugha aliyoitoa Rich Hickey mwaka 2007.

1. Hali ikae mahali pamoja. Viti vyote viwe ndani ya atomu moja (chombo cha Clojure cha kushikia hali), visitawanywe kwenye vigeu vya hapa na pale.

2. Usibadilishe data, tengeneza mpya. Andika funksheni inayopokea hali ya zamani na kurudisha mpya, basi. Utaijaribu bila seva wala hifadhidata. Na usihofu kwamba kila kitu kitanakiliwa: Clojure hupanga data kama mti wenye matawi hadi 32 kwa kila kifundo. Ukibadilisha kiti kimoja, hunakiliwa njia ya kukifikia tu.

3. Usisome sasa ukaandika baadaye. Unaona kiti kiko wazi. Kabla hujaandika, uzi mwingine (thread) nao umeshakiona. Ukaguzi na uandishi viwe funksheni moja, kisha uikabidhi `swap!`, inayobadilisha atomu. Hali ikibadilika katikati ya kazi, `swap!` huirudia funksheni yako kwa hali iliyopo.

4. Kwa hiyo usikate pesa humo ndani! Wala usitume SMS. Funksheni ikirudiwa, mteja atakatwa mara mbili. Tumia `swap-vals!`, inayorudisha hali ya kabla na ya baada. Zilinganishe, na ukiona mteja wako ndiye aliyekipata kiti, ndipo umtoze. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu kosa lake halionekani ukijaribu peke yako. Huibuka mkesha wa sikukuu, watu wamejaa, na anayeumia ni abiria.

5. Atomu mbili hazisubiriani. Kama kiti na salio lazima vibadilike pamoja, viweke kwenye atomu moja, au tumia `ref` ndani ya muamala wa `dosync`. Haskell nayo ina STM, yaani miamala ya kumbukumbu, na huko taipu zenyewe hukuzuia kutuma SMS katikati ya muamala. Kizuizi hicho nakipenda sana.

6. Seva zikiwa mbili, atomu haitoshi. Huishi kwenye kumbukumbu ya programu moja, na programu ikizimwa hupotea. Hapo kiti kilindwe na hifadhidata: weka sharti kwamba safari moja na namba moja ya kiti haviwezi kuandikwa mara mbili.