Jaribu kwanza, posti baadaye: usiku 7 na taa ya mtego wa uzi

Leo sina dili jipya. Nina somo, na limenigharimu.

Mwezi wa tano, masika bado hayajaisha, nilichukua mzigo Kariakoo: taa 20 za mtego wa uzi, elfu tisa kila moja. Kwa asiyeijua, ni kisanduku kidogo chenye taa, ndani betri tatu nyembamba kama za rimoti. Kuna pini ya plastiki imekaa katikati ya vipande viwili vya chuma. Unafunga uzi kwenye pini, unauvuta hadi kwenye mti au nguzo ya pili. Mtu akipita usiku anausukuma uzi, pini inachomoka, vyuma vinagusana, taa inawaka. Haitaki umeme wa nyumbani wala bando. Nikasema hii kwa wafugaji wa kuku itaenda.

Sikujaribu hata moja. Nilipiga picha kwenye meza ya duka hapa Ngamiani, nikakopi maneno ya kwenye boksi: "Haiingii maji. Linda mali yako usiku kucha." Bei elfu 15. Ndani ya siku tatu nikauza 6.

Wiki ya pili akaja mzee mmoja, mfugaji wa njia ya Muheza, kashika taa mkononi. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Akasema, "Mwanangu, nimeibiwa kuku 11, na taa yako ilikuwa pale pale mlangoni mwa banda. Haikuwaka." Nikamrudishia elfu 15 yake. Hela ya kuku sikuwa nayo, na yeye hakuidai. Angegomba ningejisikia nafuu.

Alipoondoka nikaifungua ile taa, nikitegemea kukuta maji. Ilikuwa kavu kabisa. Pini imechomoka, betri zimekwisha. Nikaweka betri mpya, ikawaka. Kwa hesabu yangu, uzi uliguswa, taa ikawaka, na hakuna aliyeiona. Asubuhi jua likishatoka nani atajua kama kitaa kinawaka?

Nikafuta posti, nikawapigia wale wateja wengine watano nikawaambia wasiitegemee kwanza. Halafu nikabeba taa nne kwenda kwa bibi Tongoni, barabara ya Pangani. Bibi anafuga kuku na mbuzi, na bahari haiko mbali. Haya ndiyo niliyoyaona kwa usiku 7.

1. Maji. Nilizimwagia maji kwa ndoo yenye matundu, nusu saa. Tatu zilibaki kavu, moja iliingiza maji kupitia tundu la pini. Nilipoigeuza tundu liangalie chini, haikuingiza tena. Kwenye boksi kuna alama ya IPX4. Nilikuwa naiona tu, sijui maana yake. Maana yake kifaa kinavumilia maji ya kurushiwa. Kinachovumilia kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30 ni IP67. Kwa hiyo "haiingii maji" nililoandika lilikuwa neno kubwa kuliko bidhaa.

2. Uzi. Sisi watu wa mkonge, nikaanza na kamba ya katani. Umande ukailowesha, ikajikaza, ikavuta pini yenyewe alfajiri. Mshipi wa kuvulia samaki ulikuwa bora, tena hauonekani gizani. Ila ukiwa mrefu unanyumbuka: kwenye mita 10 nilisukuma hatua nzima kabla pini haijachomoka. Kwenye mita 5 ilichomoka papo hapo.

3. Kimo. Nilipofunga chini sana, paka alituwashia taa. Nilipopandisha hadi magotini, paka akapita chini, ila mbuzi wa bibi akaingia nao. Usiku mwingine kusi lilivuma, kuti likaangukia uzi. Usifunge chini ya mnazi. Na hili ni la usalama: funga ndani ya uzio wako tu, usivuke njia ya watu, na usiufunge kimo cha shingo. Mwenye baiskeli au bodaboda hauoni.

4. Chumvi. Mbili niliziacha kwa bibi mwezi mzima. Vyuma vya ndani vikaanza rangi ya kijani. Pwani kwetu kifaa kama hiki kinataka kufutwa kwa kitambaa kikavu na kujaribiwa kila wiki.

5. Usingizi. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Bibi alilala kama kawaida, mimi nikatoka saa nane usiku nikachomoa pini. Hakuamka. Nikarudia usiku mbili zingine, hakuamka. Kisha nikabadilishana naye, mimi nikalala, yeye akachomoa. Pazia likiwa limefungwa, sikuona kitu. Pazia likiwa wazi na taa imeelekezwa dirishani, niliamka mara moja kati ya tatu. Hii taa haina sauti! Inamfaa mlinzi aliye macho, na labda itamshtua mwizi. Aliyelala, haimwamshi.

Bibi akacheka. Akatoa makopo mawili ya maziwa, akatia kokoto, akayatundika kwenye msumari na kufunga ncha ya pili ya mshipi. Ndivyo walivyofanya zamani. Usiku ule nilipopita niliamsha nyumba nzima, na nilitukanwa kidogo.

Niliporudi mjini nilimpigia yule mzee nikamweleza kwamba kosa halikuwa maji, kosa lilikuwa maneno yangu. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Kwa hiyo iliwaka." Nikasema ndiyo mzee, nadhani iliwaka.

Posti yangu ya sasa inasomeka hivi: "Taa ya mtego wa uzi. Inavumilia mvua ukigeuza tundu chini, usiizamishe. Uzi usizidi mita 5. Haina sauti, haimwamshi aliyelala. Kama huna mlinzi, ongeza makopo au kengele." Zilizobaki zinatoka polepole, moja moja. Toka hapo hakuna aliyerudisha.

Mwenzangu, kabla hujaposti bidhaa yoyote jiulize:
- Nimeitumia mwenyewe, mahali ambapo mteja ataitumia?
- Kila neno la kwenye boksi, najua maana yake?
- Nini haiwezi kufanya, na nimeandika?
- Mteja akiiamini na ikashindwa, anapoteza nini?

Hilo la mwisho ndilo zito. Kava ya simu ikifeli, mtu kapoteza kava. Kitu cha ulinzi kikifeli, mtu kapoteza kuku wa ada ya mtoto. Na sheria ipo pia: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa, na kusema "nilikopi kwenye boksi" si kinga ya kuitegemea.

Toa moja kwenye mzigo iwe ya majaribio. Ihesabu kwenye mtaji toka mwanzo. Kwangu ingekuwa elfu tisa tu.