Noeli ya Kwanza Mjini

Wako watu wa nyumba watokao kwetu Kaoze kuhamia Dar es Salaam, mji ambao hesabu ya mwaka 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni 5. Huku Noeli ni wakati wa mvua na jembe, na jirani hubisha hodi. Huko hata mboga hununuliwa. Baba asiye na fedha huona haya, hufunga mlango.

Tusome Luka 2. Yusufu na Mariamu walikuwa wageni Bethlehemu, wala hawakupata nafasi; lakini wachunga kondoo wasiowajua waliwaendea kwa haraka.

Basi yatupasa kumpa kila ahamaye barua ya usharika, naye aipeleke kwa mchungaji mapema. Nao wenyeji wa mjini wasingoje mgeni, wamwendee kwanza.