Gemu 9999 na Amri ya Saba



Tunaendelea na Amri za Mungu, na leo tumefika ya saba. Wengi wetu tukiisikia tunapita haraka, tunaona ni ya vibaka na wala rushwa. Mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka mwaka 2024. Kilichonibadilisha ni gemu ya TV.

Unaijua. Ile ya plastiki, nyepesi kama haina kitu ndani, ina pedi mbili na waya tatu: wa njano wa picha, mweupe na mwekundu wa sauti. Unachomeka, unawasha, unacheza, haitaki bando. Nyingi ni nakala za Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani Julai 1983. Baadaye viwanda vya Asia viliinakili na kuibana kwenye chipu moja ya bei poa. Ndiyo maana mtoto wa Kibirizi leo anapambana na Super Mario Bros. ya mwaka 1985. Ile ya vifaru mnayoipenda inaitwa Battle City, nayo ni ya 1985. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, na mimi pia.

Yangu niliinunua Kigoma mjini, elfu thelathini na tano. Boksi limeandikwa gemu 9999. Nikaifunga chumbani kwangu, si mbali na mwalo, nikaanza kutoza watoto shilingi 200 kwa dakika kumi.

Kabla hujanihukumu: kucheza si dhambi. Mtakatifu Thomas wa Akwino analijadili jambo hili kwenye Summa Theologiae (II-II, swali la 168, kifungu cha 2). Anasema roho nayo huchoka na inahitaji burudani. Analeta kisa cha zamani cha Yohane Mwinjili, ambaye watu walikwazika kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja mwenye upinde apige mishale mfululizo, kisha akamuuliza kama anaweza kuendelea hivyo bila kupumzika. Yule akajibu upinde ungevunjika. Hata Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa Septemba 7, 2025, alikuwa na PlayStation, ila inasimuliwa alijipangia saa moja tu kwa wiki. Kwa hiyo tusiisingizie gemu.

Sasa sikiliza. Mwaka ule Ziwa Tanganyika lilifungwa, hakuna kuvua kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wazaliane. Kama umekulia huku, unajua maana yake: karabai hazionekani ziwani usiku, chanja za dagaa tupu, akina mama wanauza akiba kidogokidogo. Watoto ndio walikuwa na muda. Kwangu palijaa.

Kulikuwa na mmoja wa darasa la nne, kila siku na mia tano yake, wakati mwingine elfu. Mama yake ni muuza dagaa. Nilijua. Sikuwahi kumuuliza hela inatoka wapi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nachagua kutouliza, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Huyu mtoto alikuwa na daftari. Anaandika kila gemu anayoifungua. Siku moja akaniambia, "Kaka, namba arobaini na tatu ni ileile ya tatu, wamebadilisha jina tu." Alikuwa sahihi. Mashine hizi zina gemu chache, halafu orodha inajirudia: ileile inaanzia hatua ya pili, au inabadilishwa jina au rangi, inapewa namba mpya. Ningemwambia ukweli pale, angefunga daftari. Nikamwambia, "Endelea kutafuta mdogo wangu, mpya ziko mbele."

Akaendelea kutafuta wiki tatu.

Mama yake alikuja jioni moja. Hakupiga kelele, bora angepiga. Akasimama mlangoni: "Mwanangu, ile ilikuwa hela ya unga." Nikamjibu, "Samahani mama, sikujua." Uongo wa pili.

Jumamosi nikaenda kitubio. Nilijipanga kusema nimekuwa mvivu wa kusali, mengine nikayapitisha katikati haraka. Padre akanisimamisha palepale, akauliza neno moja: "Umerudisha?"

Fungua Katekisimu, namba 2412. Haisemi mwizi peke yake anadaiwa. Inamtaja na yule aliyefaidika na wizi huku akijua. Anapaswa kurudisha kwa kadiri ya alivyoshiriki. Kisha soma Zakayo, Luka 19:1-10. Angalia alitaja hesabu, mara nne, na aliitaja mbele za watu. Mimi sikuwa na hesabu. Nikaomba lile daftari la mtoto, tukahesabu siku alizokuja: elfu kumi na nne na mia tano. Nilipeleka kwa mafungu mawili, kwa sababu nyingine nilishaila. Mama alipokea, akahesabu mbele yangu, akaingia ndani bila kusema kitu.

Kazi ya wiki hii, fanya peke yako na kalamu: andika unachodaiwa na mtu ambaye hajui kwamba anakudai.

Gemu bado ninayo. Boksi nimelikata ile 9999, na yule kijana ameandika kwa kalamu namba aliyoipata mwenyewe: 52. Anasema bado anahakiki.